Dawa ya Mara Tano kwa Siku

"Hadija," Kambale aliniambia kwenye simu asubuhi ile, "yaya alikufa. Mara hii ni kweli." Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, na kicheko kilinitoka kabla ya machozi. Mtu asiyetujua angedhani nimerukwa na akili. Lakini Kambale naye alicheka kidogo, kisha kila mmoja akalia upande wake wa simu. Yaya ndilo neno ambalo Wakongo humwitia dada mkubwa, na yaya wake, Mama Kavira, aliwahi kutwambia kwa siku kadhaa mfululizo kwamba amekufa, tena akatulaumu kwa kutomzika. Sasa amekwenda kweli, usingizini, akiwa na figo aliyopewa na Kambale huyo huyo, na nyuma yake miaka karibu ishirini ambayo hakuna aliyemtarajia kuiishi. Nilizima jiko nikakaa. Mambo ya mwaka ule yalinijia yote, na nimeona niyaandike kabla wale tuliokuwapo hatujaisha.

Habari za ukoo wangu, na jinsi sisi Wanubi tulivyofika Uganda, wengine wamezieleza vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi nina mwaka mmoja tu wa kusimulia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimepanga chumba kimoja Kalerwe nyuma ya soko, ambako makelele ya watu wanaoshusha mikungu ya ndizi kwenye malori ndiyo yaliyokuwa saa yangu ya kuamkia. Kila asubuhi nilikunywa chai ya rangi na chapati ya jana, nikapanda boda boda hadi Nakasero, kwenye hospitali ndogo ya binafsi ambayo siku hizi haipo tena. Huko nilikuwa msaidizi katika wodi ya kusafisha damu. Kilikuwa chumba kirefu chenye mashine tano, vitanda vitano, na madirisha yaliyotazama chini soko la Nakasero, kwa hiyo harufu ya dawa ya kuoshea mitambo ilichanganyika siku nzima na harufu ya mananasi. Kazi yangu ilikuwa kuwapima wagonjwa uzito wanapoingia na wanapotoka, kufunga mipira ya mashine, kufuta damu, kubadilisha mashuka, na kukaa kimya. Hilo la mwisho sikuliweza vizuri.

Mgonjwa wa figo hukaa kwenye mashine saa nne, mara mbili kwa wiki, na katika saa nne hizo watu huzungumza. Nilijifunza Kampala yote nikiwa pale. Nilijua nani amegombana na mwenye nyumba, nani bintiye ameolewa na asiyefaa, nani anakunywa maji kwa siri kisha anaidanganya mizani. Na kila Jumatatu na Alhamisi, kitanda cha dirishani kilikuwa cha Mama Kavira. Alikuwa mwanamke mpana mwenye duka la vitenge Kansanga, mzaliwa wa Butembo, na alipoingia wodini alisalimia kila kitanda kama mgeni rasmi. Vyakula alivyovipenda alikuwa amekatazwa karibu vyote. Majani, ndizi na maharage vina chumvichumvi ambayo moyo wa mtu asiye na figo hauiwezi. Basi alivila kwa maneno. Alitueleza sombe inavyotwangwa, inavyochemshwa mpaka isahau kwamba ilikuwa majani ya muhogo, inavyotiwa mawese, na mwishoni makayabu, yule samaki wa chumvi, mpaka mzee wa kitanda cha tatu akaguna kwa Kiganda, "Mama, tuonee huruma." Hakujua Kiswahili, lakini njaa alikuwa akiielewa.

Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Wodini hakuna mwingine aliyekijua zaidi ya salamu. Kampala ya wakati ule bado ilikisikia kikinuka buti za askari, na Sista Nakato, muuguzi mkuu wetu, alikuwa na sababu zake: alipokuwa mtoto, wanajeshi waliingia nyumbani kwao wakipiga kelele kwa lugha hiyo. Yeye na mimi tulizungumza Kiganda, na daktari alipokuja, Kiingereza. Kwa hiyo Mama Kavira alikuwa wangu. Kiswahili chake cha Kongo na changu cha nyumbani vilipishana hapa na pale, tukachekana, lakini tulielewana hata kwa macho. Aliniita binti yangu. Nilipenda kuitwa hivyo, na nilipenda zaidi kuulizwa mambo. Mtu anayefuta damu haulizwi mengi.

Alhamisi moja alikuja amejikunja upande wa kushoto. Chini ya titi, kuzunguka hadi mgongoni, alikuwa na mstari wa malengelenge mekundu yaliyowaka kama aliyepigwa na mkanda wa moto. Waganda huita kisipi, sisi husema mkanda wa jeshi. Jana yake alikuwa ameingia kliniki ndogo iliyo hatua chache kutoka dukani kwake, na daktari kijana wa pale alikuwa ameutambua ugonjwa mara moja na kumpa vidonge vya kuua virusi. Daktari huyo hakukosea ugonjwa wala dawa. Mama Kavira alitoa pakiti kwenye mkoba, akaniinulia.

"Binti yangu, hii dawa wanasema ninwe mara tano kwa siku. Mara tano! Ni dawa ao ni chakula?"

Nilicheka. Nilisoma maandishi ya kalamu juu ya pakiti: kweli, mara tano.

"Na miye mtu wa mashine," akasema, sasa bila mzaha, "ni sawa tu?"

Sista Nakato alikuwa mwisho wa chumba, amenipa mgongo. Ningeweza kutembea hatua kumi nikamwuliza. Nimezihesabu hatua hizo mara nyingi tangu siku ile. Badala yake nilimrudishia pakiti kwa sauti ya mtu anayejua: "Daktari ameandika, Mama. Usiruke hata kimoja. Wanaoruka dawa ndio wanaorudi hapa wakilia." Aliniamini. Alimwita Kambale, mdogo wake aliyekuja kumchukua, akamwagiza aweke kengele kwenye simu yake ili wasikose saa hata moja.

Jumatatu Kambale alimleta akiwa amemkumbatia kiunoni. Mama Kavira alitembea kama aliyelewa pombe kali, miguu ikikwenda kila mmoja kwa shauri lake. Mikono yake ilikuwa ikishtuka ghafla, kama mtu anayeshtuliwa usingizini, na macho yake yalifuata kitu ukutani ambacho sisi hatukukiona. Hakusalimia kitanda hata kimoja. Tulimlaza, naye akaanza kusema, ulimi mzito, maneno yakivutana. Sista Nakato alimshika bega na kujaribu Kiswahili chake kidogo, kile cha Kiganda kinachogeuza herufi: "Mama, rara. Rara kidogo." Kisha akaniambia kwa Kiganda, "Anaomba Mungu tu. Mwache aombe."

Daktari Okot, bingwa wetu wa figo, alifika saa tatu kama kila Jumatatu. Aliyaona malengelenge, akamulika macho, akamwambia ainue mkono, mkono ukatetemeka. Kambale, kwa Kiingereza cha kuokoteza, alieleza kwamba dada yake amepewa "vidonge vya ngozi", na kwamba tangu Jumamosi anasema mambo ya kutisha, na mchungaji wao amesema ni pepo, atakuja kumchukua mchana. Daktari aliitikia kwa kichwa, akili yake iko kwingine. Alimwambia Sista kwa sauti ya chini kwamba virusi vya mkanda wa jeshi vimepanda kwenye ubongo. Hutokea, na huua. Dawa yake ni moja, ipitishwe kwenye mshipa, kwa wingi, sasa hivi. Sista akaenda kabatini.

Mimi nilikuwa nikimfuta Mama Kavira jasho. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilimsikiliza.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia," alisema, polepole, kwa utulivu wa mtu anayeuliza kwa nini chakula kimechelewa. "Lakini miye nilishakufa, binti yangu. Juu ya nini hamunizike? Batu banangojea nini?"

Sijui ni nini kilichonizuia kumwambia, hapana Mama, wewe ni mzima. Labda niliona kwamba kila mtu alikuwa amemwambia hivyo tangu Jumamosi, na haikumsaidia. Nikamfuata alikokuwa.

"Ulikufa lini, Mama?"

"Miguu ndiyo ilitangulia. Siku ya Ijumaa. Kisha ulimi. Siku ya posho," yaani Jumamosi, "ndiyo miye mwenyewe."

"Na ni nini kilikuua?"

Alinigeuzia macho, na nadhani ndani kabisa, nyuma ya ule ukungu, Mama Kavira niliyemjua alikuwa amesimama akinitazama. "Ni ile dawa ya mara tano," alisema.

Sista Nakato alikuwa amerudi na kichupa cha dawa, anakivunja shingo. Kiliinama kidogo mkononi mwake, nikasoma jina ubavuni. Lilikuwa lile lile lililokuwa kwenye pakiti ya Alhamisi. Mwili wangu wote ulitaka kunyamaza. Msaidizi haruhusiwi kumshauri mgonjwa juu ya dawa; hilo lilikuwa sharti la kwanza nililolitia sahihi, na aliyekuwa kabla yangu alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilijiona nikiwa nimerudi Kalerwe bila kazi. Kisha nikaona sindano ikivuta dawa.

"Daktari, tafadhali subiri," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na vitanda vyote viligeuka. "Hiyo dawa amekuwa akiinywa. Mara tano kwa siku tangu Jumatano. Aliniuliza kama ni sawa, na mimi ndiye nilimwambia anywe bila kuruka. Haombi Mungu. Anasema amekufa, na anasema dawa ndiyo iliyomuua. Anakumbuka hata siku."

"Hadija!" Sista alisema.

Daktari Okot hakupiga kelele. Alimnyoshea Kambale mkono, na Kambale akatoa pakiti kutoka mfuko wa koti. Ilikuwa imebaki nyepesi. "Sikuruka hata kimoja," Kambale alisema, na alisema kwa fahari, maskini, kama mwanafunzi anayeonyesha daftari. Daktari aliitazama pakiti, akamtazama mgonjwa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya.

"Dawa hii hutoka mwilini kwa mkojo," alisema, nusu kwetu na nusu kwake mwenyewe. "Huyu mama hajakojoa tangu mwaka jana. Mashine humpunguzia, lakini ni mara mbili tu kwa wiki. Vidonge vyote hivi vimejikusanya ndani, na vikizidi hupanda kichwani. Mtu hutetemeka, hupotea ulimi, huona vitu. Nimesoma kwamba wengine husema wamekufa. Sikuwahi kumwona hata mmoja." Akaigeuza pakiti mkononi. "Au ni virusi kweli. Ikiwa ni virusi nami nikamnyima dawa, nitamwua. Ikiwa ni dawa nami nikamwongeza, nitamwua."

Nimefanya kazi na madaktari wengi tangu hapo, na wengi wao wana haraka ya kuonekana wanajua. Daktari Okot alikaa pale na kutojua kwake mbele ya wagonjwa watano, dakika nzima, kisha akaamua. Kichupa kikarudi kabatini. Alichukua maji ya uti wa mgongo yakapimwe kama yana virusi. Mama Kavira akafungwa kwenye mashine kwa saa sita badala ya nne, na kesho yake tena. Kama ni dawa, alisema, mashine itaichota. Halafu akaniashiria kwa kidole. "Wewe ukae hapa. Mimi siwezi kujua kama akili yake inarudi, wala Sista hawezi. Kila saa utaniambia anachosema, neno kwa neno, usilipambe."

Saa ya kwanza alisema kaburi liwe Butembo. Saa ya pili alitaka kujua ni nani anayetembea ukutani na viatu vya baba yake. Saa ya tatu hakusema kitu, nikaogopa kuliko mwanzo. Mchana nilitoka kwenda kunywa maji, nikamkuta Kambale kwenye ukumbi, simu mkononi. Mchungaji alikuwa njiani.

"Hadija, uniambie kweli," alisema. "Si ni pepo?"

"Ni dawa, Kambale. Mimi nilimwambia ainywe, wewe ukampa. Kama kuna pepo humu, basi ni sisi wawili."

Alipiga simu akamwambia mchungaji aje kuomba, lakini aombee ukumbini, dada yake hatatoka kwenye mashine. Mchungaji alikuja, mtu mpole mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, na aliomba ukumbini kama alivyoambiwa.

Majibu ya maji ya mgongo yalirudi safi. Siku ya Jumanne, kwenye saa ya nne ya mashine, Mama Kavira alisema, "Niko nakufa." Nilikimbia kumwambia daktari, na ninakumbuka alivyotabasamu: kutoka kwa aliyekwisha kufa hadi anayekufa ilikuwa safari ndefu, na alikuwa akija upande wetu. Mikono iliacha kushtuka. Jumatano asubuhi niliingia nikamkuta ameinua kichwa, anatazama dirishani.

"Nani anauza mananasi kule chini?" aliuliza, na ulimi ulikuwa mwepesi. Kisha akashika tumbo. "Binti yangu, njaa iko naniuma. Na maiti hasikiake njaa."

Nilimwita Sista kwa makelele yasiyofaa wodini. Alikuja, akamshika mkono, akamwuliza hali, na aliuliza kwa Kiswahili. Halafu akaniambia nimfuate stoo. Nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa; usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimekwisha kuvipanga vitu vyangu kichwani. Sista Nakato alifunga mlango, akasimama kati ya maboksi ya mipira.

"Tangu nikiwa mtoto," alisema kwa Kiganda, "nikisikia lugha hiyo masikio yangu hujifunga yenyewe. Jumatatu yalifunga, na mwanamke alikuwa akinieleza ugonjwa wake." Akanigeukia. "Hilo ni langu. Sasa lako. Ukijibu tena swali la dawa, utaondoka siku hiyo hiyo, nami nitakufungulia lango. Lakini kuanzia kesho, kila mgonjwa akija kwenye mizani, mwambie akuoneshe kila anachomeza, hata cha mganga, hata cha jirani. Andika, niletee. Wewe una mdomo, Hadija. Uutumie kuuliza."

Nimeishi kwa maneno hayo. Leo ninaongoza wodi kubwa kuliko ile, nina wasaidizi wenye midomo kama yangu, na sijui njia bora ya kuwafundisha zaidi ya hiyo. Lakini wakati ule bado nilikuwa na deni la kusema, na Alhamisi nilikaa kando ya kitanda cha dirishani nikamweleza Mama Kavira yote: kwamba alipouliza sikujua, na nilijibu kwa sababu nilipenda kuulizwa.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nilijua," alisema. "Hata nikiwa kule, nilijua. Unataka nikuambie vile kufa kunakuwaka? Hakuna uchungu. Unasema, unasema, na batu bote wanakutazama sawa redio ya lugha ingine. Halafu wewe ukaniuliza nilikufa lini." Akanipiga kofi jepesi la shavu, kofi la mama. "Nitakuuliza tena mambo. Na wewe ukiwa haujui, utasema haujui. Sawa?"

"Sawa, Mama."

"Basi. Sasa twende tumuone yule kijana wa kliniki. Anatoa dawa kwa watu kila siku."

Tulikwenda wiki mbili baadaye, siku yangu ya mapumziko, yeye akiwa na kitenge kipya na hatua zake mwenyewe. Kliniki ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, benchi la wagonjwa mbele, daktari nyuma. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Mama Kavira alimweleza kila kitu bila kupaza sauti, nami nilimtafsiria kijana kwa Kiganda pale alipopotea, naye alizidi kuwa mdogo kwenye kiti.

"Hukuniambia kwamba una ugonjwa wa figo," alisema mwishowe.

"Haukuniuliza."

Nilidhani atajitetea, na sijui kama ningemlaumu. Benchi lilikuwa limejaa na yeye alikuwa peke yake. Lakini alivuta karatasi. "Mama, ningeulizaje? Wengi hawajui hata figo ni nini."

Mama Kavira alifikiri. "Uliza kama wanakojoa vizuri," alisema. "Hilo kila mutu analijua."

Aliandika. Tukaagana, tukatoka, na tulipokuwa tukivaa viatu mlangoni alimwita mgonjwa aliyefuata, mzee mmoja aliyekuwa na kitambaa kichwani. Tulisikia kiti kikivutwa nyuma ya pazia, kisha ile sauti changa, yenye haya, ikisafisha koo.

"Mzee, samahani. Unakojoa vizuri?"

"Nakojoa sana, daktari," mzee akasema. "Lakini kilichonileta ni jicho."

Mama Kavira alishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, akacheka hadi kitenge kikamlegea kiunoni, na watu wote wa benchini, wasiojua kinachochekesha, wakaanza kucheka naye.